Impreza ya turbo iliyotumika: dalili, chanzo na uamuzi kabla ya kulipa

Gari la michezo ambalo mtu wa kipato cha kawaida analimudu Nairobi, Nakuru au Arusha mara nyingi ni Subaru Impreza WRX ya kizazi cha GD, iliyouzwa kati ya 2000 na 2007, yenye injini ya EJ20 ya turbo. Mwongozo huu unaihusu hiyo. Sehemu kubwa inafaa pia kwa Forester ya turbo ya SG5 na Legacy GT za BL5 na BP5, maana injini zao ni za ukoo mmoja.

Karibu kila dalili utakayoikuta kwenye gari hili ina chanzo cha bei rahisi na chanzo cha kuua bajeti, na kwa nje vinafanana. Muuzaji atakutajia kile cha rahisi. Fundi anayetafuta kazi atakutajia kile cha ghali. Vipimo vilivyo hapa chini ni vya kuvitenganisha, na vingi havihitaji zaidi ya masikio, tochi na subira.

Sharti la kwanza: injini iwe baridi

Mwambie muuzaji asiwashe gari siku hiyo mpaka ufike. Ukifika, gusa boneti na mdomo wa eksozi kabla hata ya salamu kuisha. Kama kuna joto, panga siku nyingine. Injini iliyopashwa huficha moshi wa kuwashia asubuhi na mlio wa pistoni zilizolegea, na rejeta ya moto haifunguliki bila kukuunguza.

Njoo na tochi, kitambaa cheupe, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, futi kamba, na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Sumaku ikikataa kushika kwenye boneti usishtuke: boneti ya WRX hizi ni ya alumini. Ikikataa kwenye tao la tairi la nyuma, hapo chini ya rangi kuna pati ya kuzibia mabonde.

Dalili: injini inagonga

Mlio wa kugonga ndio unaofaa kukupa wasiwasi kuliko yote. Kuna milio mitatu ya kugonga, na kila mmoja una tabia yake.

Wa kwanza husikika injini ikiwa baridi, kama kugonga kwa kijiti kikavu, kisha hufifia kadiri joto linavyopanda na ndani ya dakika chache umekwisha. Hiyo ni pistoni kucheza ndani ya silinda kabla haijatanuka. EJ20 nyingi zilizotembea zinao, na gari linaweza kuishi nao miaka. Ni hoja ya kupunguza bei tu.

Wa pili ni tiki-tiki ya haraka inayofuata mzunguko wa injini, inayosikika zaidi upande wa kulia nyuma au chini. Mara nyingi ni eksozi inayovuja kwenye gasketi au ufa wa bomba linalopeleka moshi kwenye turbo. Injini ikiwa bado baridi, mwombe mwenzako azibe mdomo wa eksozi nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache huku wewe ukisikiliza mbele: tiki-tiki ikiongezeka, ni uvujaji. Kazi yake ni ya siku moja kwa fundi wa eksozi.

Wa tatu ndio wa kukimbia. Injini ikishapata joto kamili, ipandishe hadi mizunguko 2,500 au 3,000 kwa dakika, ishikilie hapo, kisha achia mafuta ghafla. Sikiliza mzunguko unaposhuka. Ukisikia tok-tok nzito kutoka chini, inayozidi injini inavyozidi kupata joto, beringi za konrodi, yaani mikono inayounganisha pistoni na krenki, zimekwisha. Oili ya moto ni nyepesi, kwa hiyo nafasi iliyobaki kati ya beringi na krenki hujidhihirisha. Chanzo huwa ni kukosa oili: mwenye gari hakuangalia dipstiki, au bomba la kunyonyea oili kutoka kwenye sampu (bakuli la oili) limepasuka kwenye kiungo chake, kasoro inayojulikana kwa injini hizi. Oili nzito ya kuficha huweza kuuzima mlio huu kwa siku chache. Ndiyo maana kuendesha nusu saa nzima ni lazima, si kuzunguka mtaa mmoja na kurudi.

Ukiruhusiwa kumwaga oili, pitisha ya mwisho juu ya kitambaa cheupe juani. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyometameta kama rangi ya shaba au fedha ni beringi, na hakuna bei nzuri ya gari la namna hiyo, hata muuzaji akuapie kwamba oili imebadilishwa juzi. Hasa kama imebadilishwa juzi.

Dalili: moshi

Simama nyuma ya gari mwenzako anapowasha mara ya kwanza. Mvuke mweupe unaotoweka ndani ya dakika chache, asubuhi ya baridi ya Limuru au Iringa, ni maji ya kawaida ya eksozi. Mweupe unaoendelea injini ikiwa ya moto, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoungua; nenda kwenye sehemu ya kuchemsha hapa chini.

Moshi wa bluu una nyakati zake, na wakati ndio unaokuambia chanzo. Ukitoka mara moja wakati wa kuwasha kisha ukaisha, ni sili za valvu. Ukitoka baada ya injini kusimama sailensa (ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) dakika tatu kisha ukakanyaga mafuta, shuku sili za turbo. Ukitoka muda wote unapovuta mzigo, ringi za pistoni zimechoka au pistoni imevunjika kwenye kingo zinazoshika ringi.

Hili la mwisho linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo linaloua EJ nyingi. Petroli ya daraja la juu ya Japani ina okteni (uwezo wa kutolipuka mapema) karibu 100, na STI za soko la Japani, toleo kali zaidi la gari hili, zilipangwa kwa mafuta hayo. Petroli ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Mafuta dhaifu yakiwa chini ya presha ya turbo hulipuka kabla ya wakati wake, na mlipuko huo hupiga ukingo mwembamba kati ya ringi na ringi mpaka ukatike. Mwenye gari akiongezewa presha ya turbo na kijana mwenye kompyuta mpakato bila kupimwa mchanganyiko wa hewa na mafuta, huo ukingo una miezi tu.

Kipimo cha haraka: injini ikiwa ya moto na imesimama sailensa, fungua kifuniko cha kujazia oili na ukilaze kichwa chini juu ya tundu lake. Kikitikisika kidogo, sawa. Kikirukaruka na kutupwa, huku moshi ukipuliza kwa mapigo, gesi ya silinda inapita kwenye pistoni. Kabla hujakata tamaa, kagua valvu ndogo ya kupumulia injini na mabomba yake, kwa maana ikiziba huleta dalili ileile na bei yake haizidi chakula cha mchana cha watu wawili. Itoe na uitikise. Isiyolia imekwama.

Moshi mweusi ni mafuta mengi kupita hewa. Angalia kama gari limefungwa valvu ya kutolea upepo ile inayopiga «pshhh» hadharani. Gari hili hupima hewa kwenye mlango wa kuingilia, kwa hiyo hewa iliyokwishapimwa ikitupwa nje, kompyuta inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Hozi iliyopasuka kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo) huleta moshi huohuo. Zote ni za bei rahisi, ila zinakuambia aina ya mikono iliyopita hapo.

Dalili: inachemsha, au maji yanapungua

Anza gari likiwa baridi. Fungua kifuniko cha rejeta: maji yawe yamejaa hadi mdomoni na yawe na rangi ya kulanti (dawa ya kupoza injini), si kutu. Kisha angalia chupa ya plastiki ya akiba. Chupa ikiwa imejaa pomoni na rejeta ina upungufu, kuna mambo mawili. La rahisi: kifuniko cha presha kimechoka na hakirudishi maji injini inapopoa. La ghali: gasketi ya silinda hedi inapitisha gesi inayosukuma maji nje.

Tofautisha hivi. Weka kifuniko kipya, washa, acha injini ipate joto mpaka feni ziwake na kuzima mara mbili, kisha mulika tochi ndani ya chupa. Mapovu yanayopungua na kuisha ni hewa iliyobaki baada ya mtu kubadilisha maji, kwani injini iliyolala ya Subaru ni maarufu kwa kuhifadhi hewa. Mapovu yasiyoisha, yanayozidi ukikanyaga mafuta, ni gasketi. Fundi mwenye dawa ya bluu ya kupima gesi ya moto atathibitisha kwa dakika tano: ikigeuka njano, maliza mazungumzo.

Gasketi nyingi zilizokufa hazijionyeshi mjini. Zinajionyesha mlimani na mzigo. Kwa aliye Nairobi, panda kutoka Mai Mahiu. Kwa aliye Iringa, Kitonga ipo. Dar es Salaam ni tambarare, kwa hiyo tumia foleni ya mchana, AC ikiwa imewashwa. Mshale wa joto wa Impreza ukishatulia chini kidogo ya nusu haupaswi kusogea tena. Ukipanda kwenye mlima na kushuka kwenye mteremko, kuna tatizo, hata kama haujafika nyekundu.

Kabla ya kulaumu gasketi, uliza themostati ni ya aina gani. Nyingi za bei poa ni ndogo kuliko ya kiwanda na hazifunguki sawasawa. Angalia pia sehemu ya juu ya rejeta, ambayo ni ya plastiki: ikishageuka kahawia, inakaribia kupasuka.

Kipimo cha presha ya silinda, na kwa nini namba za Nairobi hudanganya

Kipimo hiki usikiruke. Plagi za injini hii zimelala ubavuni, na ili kuzifikia fundi hutoa betri, chombo cha maji ya vioo na kasha la chujio la hewa. Ni kazi ya saa moja na zaidi, wewe unalipa. Muuzaji anayekataa ukiwa umejitolea kulipa amekwishakujibu.

Injini iwe ya moto, betri imejaa chaji, plagi zote nne nje, fyuzi ya pampu ya mafuta imetolewa, na pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini. Zungusha kwa stata mapigo matano au sita kwa kila silinda.

Kitabu cha kiwanda kwa WRX hii kinataja psi 142 hadi 171, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 7. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, ambako hewa ina takriban asilimia 82 ya presha ya hewa ya Mombasa, na geji inashuka kwa kiasi hichohicho. Injini yenye afya kabisa itasoma kati ya psi 116 na 140 ukiwa Nairobi. Watu wamekataa magari mazima kwa kutolijua hili, na wengine wamelipunguza bei gari zima kwa kulijua vizuri. Kwa hiyo usiangalie namba moja moja, linganisha nne. 125, 124, 127, 123 ni injini nzuri. 130, 128, 131, 108 ni injini ya kufunguliwa.

Silinda ikisoma chini, mafundi wengi humimina oili kidogo na kupima tena, presha ikipanda waseme ni ringi. Kwenye injini iliyosimama wima ni sawa. Hapa silinda imelala, oili inakusanyika chini na haizungushi ringi yote, kwa hiyo majibu hayaaminiki. Badala yake puliza hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa, na usikilize inakotokea: kwenye tundu la oili ni ringi au pistoni, kwenye eksozi ni valvu ya kutolea, kwenye mdomo wa hewa ni valvu ya kuingizia, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi. Upotevu wa chini ya asilimia 10 ni mzuri. Ukizidi 20, ondoka.

Dalili: turbo inapiga mluzi, au haivuti

Mluzi mwembamba unaopanda na presha ni wa kawaida. Ukwaruzo kama king'ora kibovu si wa kawaida. Toa hozi ya kuingizia hewa, shika ncha ya mhimili wa turbo. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni nafasi ya oili. Kuingia na kutoka kusiwepo kabisa, na ncha za mapanga zisiwe zimegusa ukuta.

Turbo ikiwa imekufa, usikubali ahadi ya «tunaweka nyingine». Kwenye nyingi, oili yake hupita kwenye bolti yenye tundu ambayo ndani yake kuna kichujio kidogo cha wavu. Oili isiyobadilishwa kwa wakati hukiziba, turbo inakauka na kuvunjika. Turbo mpya juu ya kichujio kilichoziba hufa vilevile, na chuma cha ile ya kwanza huenda kimekwishaingia kwenye oili na kufika kwenye beringi za injini.

Neno moja kuhusu sauti. Mngurumo wa Subaru unaopendwa na vijana unatokana na mabomba ya eksozi yasiyolingana urefu. Haupimi nguvu wala afya. STI za Japani zenye mabomba yanayolingana ni tulivu na zina nguvu zaidi. Gari lililopangwa kurusha milio ya risasi kila ukiachia mafuta linachoma petroli ndani ya eksozi, kwenye turbo na valvu zako.

Dalili: gari linarukaruka kwenye kona kali

Baada ya kuendesha dakika 20, nenda uwanjani, kata usukani hadi mwisho na uende mwendo wa mtu anayetembea, kulia kisha kushoto, mbele kisha nyuma. Gari likigoma, likiruka na tairi zikilia, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavutana. Kwenye gia tano za mkono, shuku kiungo cha kati chenye mafuta mazito ndani ya gia boksi. Kwenye otomatiki, shuku solenoidi (valvu ya umeme) ya kugawa nguvu au sahani zake za klachi.

Chanzo cha rahisi ni tairi. Subaru inataka mizunguko ya tairi nne isitofautiane zaidi ya milimita 6.4, ambayo ni kama milimita 1 tu ya kina cha kashata (meno ya tairi). Pima kwa futi kamba. Tairi mbili mpya mbele na mbili kuukuu nyuma zinatosha kuleta dalili hii, na zikiachwa muda mrefu zinaua hicho kiungo kweli.

Gia boksi ya gia tano ndiyo mfupa mwembamba wa WRX, hasa kwa aliyezoea kuondoka kwa kuachia klachi ghafla. Gia ya pili au ya tatu ikikwaruza ukishusha haraka, sinkromeshi (inayolainisha kuingia kwa gia) imekwisha. Kwa klachi, weka gia ya nne kwenye kilomita 60 kwa saa, kanyaga mafuta yote: mizunguko ikiruka bila mwendo kuongezeka, inateleza. Mtetemo wa klachi asubuhi ni wa kawaida.

Kelele nyingine za chini ni ndogo: ngurumo inayopanda na mwendo, nyuma, ni beringi za magurudumu; kodo-kodo kwenye matuta ni lingi za stabilaiza au bushi. Ziandike, zitoe kwenye bei.

Taa ya injini

Iwake unapofungua swichi, izime baada ya kuwasha. Isipowaka kabisa, mtu ameitoa. Kifaa kikionyesha kwamba vipimo vya ndani «havijakamilika», makosa yamefutwa hivi karibuni. Misimbo P0301 hadi P0304 inataja silinda inayokosa moto. Ukipata programu inayosoma kompyuta ya Subaru, tafuta kizidisho cha taimingi (wakati wa kuwasha mafuta ndani ya silinda): kiwe 16, au 1.0 kwa kompyuta za baadaye. Kikiwa chini, kompyuta imekuwa ikisikia mlipuko wa mapema na kurudisha taimingi nyuma ili kuokoa pistoni.

Mkanda wa taimingi

Japani hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugonga pistoni. Hakuna risiti, basi haujabadilishwa. Weka kwenye hesabu seti nzima yenye mkanda, tensha, puli na pampu ya maji.

STI ya kweli, makaratasi na hadithi za yadi

Namba ya chesisi ikianza na GDA ni WRX, GDB ni STI. Bampa, beji na bawa hununuliwa. Breki nyekundu pia si ushahidi, kwani rangi ni ya kopo. STI nyingi zina gia sita na breki za Brembo mbele na nyuma, na kuanzia toleo la 2005 bolti za rimu zilihama kutoka 5×100 kwenda 5×114.3 (bolti tano, na kipenyo cha duara lake kwa milimita).

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. GD ya mwisho ni ya 2007, kwa hiyo yeyote anayekuambia leo kwamba Impreza hii «imeshuka Mombasa mwezi uliopita» anadanganya, au namba zimechezewa. Tanzania magari makuukuu huingia kwa kulipia ushuru wa uchakavu, na hapo omba karatasi ya mnada wa Japani. Daraja R au RA ni gari lililogongwa na kutengenezwa; W ni pahali palipopigwa rangi na kunyooshwa, XX ni paneli iliyobadilishwa. Linganisha kilomita za karatasi hiyo na zilizo kwenye dashibodi.

Mwisho linganisha namba ya injini iliyochongwa juu ya bloku, karibu na inapoungana na gia boksi, na ile ya logbuku au kadi ya gari. Injini ya mtumba iliyobadilishwa si kosa kama imeandikishwa. Kenya, fanya utafutaji wa gari kwenye mfumo wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ukitumia namba ya gari, uone jina la mwenyewe na kama kuna benki inayolidai, kisha lipa kwa akaunti yenye jina hilohilo, na uhamisho wa umiliki uanzishwe mkiwa mmekaa pamoja.